Baruti Ipi kwa Mtutu Upi? Somo Juu ya Kasi ya Kuungua

Msafiri atokaye Mombo kwenda Lushoto hupanda kwa barabara nyembamba iliyochongwa ubavuni mwa mlima, kona baada ya kona, mpaka afike Soni penye maporomoko ya maji. Hapo njia hugawanyika, moja ikiendelea Lushoto na nyingine ikielekea Bumbuli. Vugha, uliokuwa mji mkuu wa ufalme wa Washambaa, hauko mbali na hapo. Chini kabisa, katika tambarare iliyo kaskazini-magharibi ya Mombo, ipo Mazinde. Umbali baina ya Vugha na Mazinde si mkubwa, lakini katika karne ya 19 ulitosha kuugawa ufalme mzima.

Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, aliitawala milima yote kutoka Vugha. Nguvu yake ilitokana na mlima wenyewe: mashamba, mvua na kodi ya vyakula na mifugo. Baada yake kiti kilikaliwa na mjukuu wake, Shekulwavu. Lakini Semboja, mmoja wa wana wa marehemu, alikuwa amekaa Mazinde, kwenye njia ya misafara iliyofuata bonde la mto Pangani. Huko alipata kutoka kwa wafanyabiashara wa pwani kile ambacho mlima haukuwa nacho, yaani bunduki na baruti, kwa kubadilishana na pembe za ndovu na watumwa. Miaka michache tu baada ya 1862 alimfukuza Shekulwavu kutoka Vugha, akamweka mwanawe badala yake, na yeye mwenyewe akaendelea kukaa tambarare, karibu na biashara.

Historia hiyo huelezwa kwa kawaida kuwa ni historia ya bunduki. Mwanafunzi wa kemia ana haki ya kuisahihisha kidogo. Bunduki hununuliwa mara moja na hudumu miaka mingi. Mhunzi huweza kuitengeneza ikiharibika. Baruti huisha, na kila ikiisha sharti iagizwe tena. Bunduki isiyo na baruti ni bomba la chuma lenye mpini wa mti.

Jambo hilo lilifahamika vizuri Ulaya. Mkataba wa Brussels wa Julai 1890 ulizuia kuingizwa kwa silaha katika eneo la Afrika lililo baina ya latitudo 20 kaskazini na latitudo 22 kusini, nao ulitenganisha aina za baruti kwa makusudi. Bunduki za kisasa na risasi zake zilipigwa marufuku ila kwa ruhusa maalumu. Bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, ziliachiwa mlango, japo chini ya masharti. Waandishi wa mkataba hawakuwa wakigawa bunduki peke yake. Walikuwa wakichagua baruti, na walijua sababu. Miaka 6 tu kabla ya hapo, mwaka 1884, mkemia wa Kifaransa Paul Vieille alikuwa amevumbua baruti isiyotoa moshi.

Je, baruti moja ina nini ambacho nyingine haina?

NISHATI SI NYINGI

Wengi hudhani kwamba baruti ni kitu chenye nishati nyingi mno. Vipimo vinakataa. Gramu moja ya baruti nyeusi ya zamani hutoa kiasi cha kilojuli 3 inapoungua. Gramu moja ya baruti isiyo moshi hutoa karibu kilojuli 4. Gramu moja ya kuni kavu hutoa kilojuli 15 au zaidi, na unga wa mahindi nao ni karibu hivyo hivyo. Kwa hiyo unga mkavu uliopikiwa sahani ya ugali wa mwanafunzi una nishati inayoishinda ile iliyomo katika uzito ule ule wa baruti kwa mara 4 au 5.

Tofauti ni kwamba kuni na unga hungoja oksijeni ya hewani, nayo huwafikia polepole kutoka nje. Baruti hubeba oksijeni yake ndani. Katika baruti nyeusi oksijeni hiyo imefungwa katika shura, ambayo kwa jina la kikemia ni potasiamu naitreti; makaa na salfa ndivyo viunguavyo. Katika baruti isiyo moshi, oksijeni imo katika molekuli ile ile iunguayo, yaani nitroselulosi, ambayo asili yake ni nyuzi za pamba au za miti. Mafuta na oksijeni vikikaa jirani namna hiyo, kuungua hakungoji hewa. Kunaendelea hata ndani ya bomba lililozibwa.

Hapa yafaa kulionya neno lenyewe. Kiswahili hutumia neno moja, baruti, kwa vitu ambavyo fizikia huvitenganisha kabisa. Baruti ya bunduki, ikitumika inavyopasa, huungua: mwako husafiri kutoka uso wa punje kwenda ndani, kwa kasi inayoweza kudhibitiwa. Baruti ya kupasulia miamba katika migodi na machimbo ya mawe kwa kawaida ni ya kundi jingine. Hiyo hailiki kutoka nje kwenda ndani. Wimbi la mshindo huipita yote kwa kasi ya maelfu ya meta kwa sekunde, na jiwe lililo jirani hupasuka kabla halijapata nafasi ya kusogea. Ya kwanza husukuma, ya pili huvunja. Lori likikwama katika kona za Soni, watu 10 hulisukuma likaenda. Wangelipiga kwa nyundo, kwa nishati ile ile, wangelibonyeza bati tu. Mtu anayedhani kwamba baruti ni baruti, na kwamba ya mgodini inaweza kujaza gobore, ana msiba mlangoni.

UKUBWA WA PUNJE

Mwaka 1839 Mfaransa Guillaume Piobert alieleza kanuni ambayo bado ndiyo msingi wa kazi yote: punje ya baruti huungua tabaka kwa tabaka, sawasawa pande zote, kama sabuni inavyoliwa na maji. Yafuatayo ni matokeo ya kanuni hiyo. Kiasi cha gesi kinachotoka kila sekunde hutegemea eneo la uso unaoungua. Na eneo la uso, kwa uzito ule ule, huongezeka kadiri punje zinavyokuwa ndogo.

Chukua mchemraba wenye upande wa sentimeta 1. Eneo la nyuso zake ni sentimeta za mraba 6. Ukate uwe michemraba midogo yenye upande wa milimeta 1. Sasa ipo 1,000, na jumla ya nyuso zake ni sentimeta za mraba 60. Kitu ni kile kile na uzito ni ule ule, lakini uso umekuwa mkubwa mara 10. Na kwa kuwa kila punje ina unene wa sehemu moja ya kumi tu, itakwisha kwa sehemu moja ya kumi ya muda. Kila mpishi ajua hivyo, ndiyo maana huanza moto kwa vijiti na kuumalizia kwa gogo.

Darasani jambo hili lionyeshwe bila moto wowote. Mwalimu achukue maganda mawili ya mayai yenye uzito sawa, moja alivunje vipande vikubwa, la pili alitwange liwe unga. Kila moja alitie katika glasi yenye siki ya kiasi kimoja. Ganda la vipande litatoa mapovu taratibu kwa muda mrefu. Lililotwangwa litachemka mapovu mara moja na kutulia mapema. Gesi ni kabondaioksaidi katika glasi zote mbili, na kiasi chake mwishoni ni karibu sawa. Kilichotofautiana ni ratiba. Chaki ya ubaoni isitumiwe badala ya ganda la yai, kwa sababu chaki nyingi za siku hizi ni jasi, nayo haitoi mapovu. Waalimu wengi wamebaki wakiitazama glasi iliyonyamaza. Baruti yenyewe isijaribiwe shuleni kwa namna yoyote, wala isichanganywe, hata kwa kiasi kidogo.

Watengenezaji wa baruti nyeusi waliitumia kanuni hii zamani kabla haijaandikwa. Punje nene zilikwenda kwenye mizinga, za kati kwenye bunduki ndefu, na laini kwenye bastola. Katika miaka ya 1860 Mmarekani Thomas Rodman alikwenda mbele zaidi. Aliona kwamba punje ya kawaida ina kasoro moja: kadiri inavyoungua ndivyo inavyozidi kuwa ndogo, na uso wake hupungua, kwa hiyo gesi huja kwa wingi mwanzoni na kufifia mwishoni. Kwa mzinga hilo ni kinyume cha linalotakiwa. Rodman akatoboa matundu katika punje. Kwa nje uso hupungua, lakini ndani ya matundu uso huongezeka, hivyo gesi huendelea kutoka kwa kipimo kile kile, au hata huzidi. Baruti nyingi za leo za mizinga bado zina matundu hayo, mara nyingi 7 katika punje moja. Baruti za bastola kwa kawaida ni vigamba vyembamba kama makapi ya mpunga, au vitone vidogo vilivyobanwa, maana haraka ndiyo inayotakiwa.

Kuna jambo la pili, nalo ndilo lililowaua watu wengi. Baruti isiyo moshi, ikiwashwa mahali pa wazi, huungua kwa utulivu wa kushangaza, kama ukanda wa filamu ya zamani. Ikifungwa mahali finyu, kanieneo hupanda, yaani kani inayobana kila sentimeta ya mraba; kanieneo ikipanda, mwako huongeza kasi; kasi ikiongezeka, gesi huzidi na kanieneo hupanda tena. Vieille mwenyewe ndiye aliyeipa tabia hii umbo la hesabu. Baruti nyeusi nayo huathiriwa na kanieneo, lakini kidogo tu. Kwa sababu hiyo baruti nyeusi ni jeuri mahali pa wazi na mpole kiasi ndani ya mtutu. Ile isiyo moshi ni mpole mahali pa wazi na jeuri kupita kiasi ndani ya mtutu usioiweza. Mtu anayefungua risasi ya kisasa, akamwaga baruti yake katika gobore lililofuliwa kwa bomba la maji, akijaza kipimo alichozoea cha baruti nyeusi, hajajaza bunduki. Ametengeneza bomu, na uso wake uko karibu nalo kwa nusu ya urefu wa mkono.

HESABU YA MITUTU MITATU

Kuchagua baruti ni kulinganisha kasi ya kuungua na muda ambao risasi inakaa ndani ya mtutu. Hesabu yake inawezekana kwa fizikia ya kidato cha tatu, tukikubali kwa urahisi kwamba mchapuko ni sawa tangu mwanzo hadi mwisho. Hauko sawa kwa kweli, lakini picha inayopatikana ni nzuri.

Ikiwa urefu wa mtutu ni s na mwendokasi wa risasi mdomoni ni v, muda wa safari ni 2s gawa kwa v. Kani ya wastani ni nishati ya mwendo gawa kwa s. Kanieneo ni kani hiyo gawa kwa eneo la tundu la mtutu.

Tuanze na bunduki ya Kijerumani ya mwaka 1871, iliyotumia baruti nyeusi. Risasi yake ilikuwa na kipenyo cha milimeta 11 na uzito wa gramu 25. Ilitoka kwa meta 440 kwa sekunde katika mtutu wa sentimeta 85. Muda wa safari ni karibu sekunde 0.0039. Nishati ni juli 2,420, kani ya wastani niutoni 2,850, na kanieneo ya wastani ni kama mara 300 ya kanieneo ya hewa tunayovuta.

Ya pili ni Mauser ya mwaka 1898, yenye baruti isiyo moshi na kipenyo cha karibu milimeta 8. Mtutu ni sentimeta 74, risasi gramu 10, mwendokasi karibu meta 880 kwa sekunde. Muda ni sekunde 0.0017, nishati karibu juli 3,900, kanieneo ya wastani kama mara 1,000 ya ile ya hewa.

Ya tatu ni bastola ya milimeta 9, ambayo risasi yake ilibuniwa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Mtutu ni sentimeta 10 tu. Risasi ya gramu 8 ikitoka kwa meta 300 kwa sekunde, muda wa safari haufiki sekunde 0.0007. Nishati ni juli 360, na kanieneo ya wastani ni karibu mara 570.

Hizi ni wastani. Kilele cha kanieneo, kinachotokea risasi ikiwa imesogea kidogo tu, huzidi wastani mara kadhaa, na kilele ndicho kinachopasua chuma.

Sasa tubadilishane baruti. Tutie katika bastola ile baruti ya Mauser, iliyopangwa kuungua kwa muda wa sekunde 0.0017. Risasi itakuwa imekwisha kutoka kabla baruti haijafika nusu ya kazi yake. Matokeo ni cheche mdomoni, punje mbichi zilizotapakaa na risasi dhaifu. Nyingine huweza kukwama ndani ya mtutu, na risasi inayofuata ikaikuta pale. Tufanye kinyume chake, tutie baruti ya bastola katika Mauser, kwa wingi unaohitajiwa kupata juli 3,900. Gesi yote itatoka wakati risasi bado iko mwanzoni, katika nafasi isiyozidi kifuniko cha kalamu. Hakuna chuma cha bunduki ya mkononi kitakachovumilia hilo. Kosa la kwanza huharibu shabaha, na la pili huharibu mtu.

MLENGA SHABAHA ACHAGUE NINI

Katika nchi kama Marekani, na katika baadhi ya nchi za Ulaya, walenga shabaha wengi huyajaza upya maganda ya shaba ya risasi zao. Ganda lililotumika husafishwa na kunyoshwa, fataki mpya huwekwa kitakoni, baruti hupimwa kwa mizani na risasi mpya hubanwa juu yake. Ganda ndiyo sehemu ya gharama zaidi, kwa hiyo huokoa fedha. Tanzania kazi hiyo haifanywi na mtu binafsi kwa hiari yake: silaha na risasi ziko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na baruti ina sheria yake tangu mwaka 1963. Hata hivyo swali la mlenga shabaha ni mfano bora wa kufundishia, kwa sababu jibu lake silo linalotarajiwa.

Anayeanza hutaka baruti yenye nguvu zaidi. Tumpe hesabu. Karatasi ya shabaha iko meta 25. Risasi inayokwenda meta 250 kwa sekunde hufika kwa sekunde 0.1, na katika muda huo huanguka sentimeta 4.9. Ikipunguzwa hadi meta 230 kwa sekunde, itaanguka sentimeta 5.8. Tofauti haifiki sentimeta moja. Karatasi haihitaji nguvu. Hutobolewa hata na risasi ya polepole, na mkono unaosukumwa kidogo hutulia upesi kwa mpigo unaofuata. Kwa hiyo mlenga shabaha hana haja ya kukaribia kilele cha kanieneo ambacho bastola yake inaruhusu.

Hapo ndipo uchaguzi unapokuwa mgumu. Tumekwisha kuona kwamba baruti isiyo moshi huungua vizuri inapobanwa. Kipimo kidogo hakileti kanieneo kubwa, na baruti ya polepole katika kanieneo ndogo huungua nusunusu, leo hivi na kesho vile. Sharti basi ichukuliwe baruti ya haraka, iwezayo kuungua yote hata kwa kipimo kidogo. Lakini baruti ya haraka hutumika kwa uchache, na uchache una mtego wake. Kipimo kikijaza theluthi moja tu ya ganda, mtu aliyezungumzishwa au kupigiwa simu katikati ya kazi anaweza kumimina mara mbili katika ganda lile lile bila kuona. Ganda lina nafasi bado. Kipimo maradufu cha baruti ya haraka ndicho kisa cha kawaida cha bastola kupasuka mikononi. Kwa hiyo wazoefu wengi hupendelea baruti ya haraka yenye vigamba vikubwa na vyepesi, inayojaza ganda zaidi ya nusu kwa kipimo kinachopasa. Ikimiminwa mara ya pili humwagika mezani, na meza ndiyo mwalimu. Sifa hii ya ujazo haina uhusiano wowote na kemia ya mwako, lakini pengine imeokoa vidole vingi kuliko sifa nyingine yoyote ya baruti.

Yaliyobaki ni madogo. Baruti isiache masizi mengi. Isibadilike sana kwa joto la mchana. Na isikae chombo kimoja na nyingine, maana zikichanganyika hakuna ajuaye tena kasi yake. Vipimo havikisiwi wala havikokotolewi kwa hesabu za makala kama haya. Hutolewa na mtengenezaji wa baruti ile, kwa risasi ile, baada ya kupima kanieneo kwa mitambo.

Aidha, lipo jibu jingine ambalo walimu wa michezo wangefaa kulijua. Bastola ya hewa ya meta 10 imo katika Michezo ya Olimpiki tangu mwaka 1988, na haitumii baruti hata chembe. Hewa iliyobanwa husukuma kipande cha risasi chenye uzito wa nusu gramu hivi. Fizikia ya mtutu ni ile ile, ila hakuna kinachoungua.

MOSHI

Baruti nyeusi ina udhaifu mmoja usiorekebishika. Andrew Noble na Frederick Abel, waliofanya kazi Uingereza katika miaka ya 1870, waliifungia baruti ndani ya chombo cha chuma na kupima mabaki. Kiasi cha asilimia 43 tu ya uzito ilikuwa gesi. Asilimia 57 ilikuwa yabisi, hasa chumvi za potasiamu. Yabisi haisukumi risasi vizuri. Sehemu yake hugandamana mtutuni, na sehemu hutoka kama wingu jeupe. Turudi kwenye bunduki ya 1871: ilitumia gramu 5 za baruti, yaani karibu kilojuli 15, na risasi ilipata kilojuli 2.4. Hiyo ni asilimia 16. Mauser ilitumia kama gramu 3, na risasi ilipata karibu asilimia 30.

Wingu lile jeupe lilikuwa na gharama nyingine, nayo ilionekana mkoa huu huu wa Tanga. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, makampuni mengi ya askari Waafrika katika jeshi la Kijerumani yalikuwa bado na bunduki za 1871. Askari aliyefyatua alijitangaza: moshi ulisimama juu ya kichaka chake, na adui mwenye baruti isiyo moshi hakuhitaji kumtafuta. Waingereza walipoteremsha majeshi Tanga mwanzoni mwa Novemba 1914, askari waliletwa mbio kutoka Moshi kwa reli ya Usambara, wakipita Mombo chini ya milima hii. Waingereza walishindwa, wakaacha nyuma bunduki za kisasa za kutosha makampuni kadhaa, bombomu 16 na risasi 600,000. Kwa jeshi lililozingirwa baharini, kilichokuwa cha thamani katika rundo lile ni ukosefu wa moshi. Ikumbukwe kwamba askari hao walikuwa wamepewa baruti ya zamani kwa sababu ile ile iliyoongoza mkataba wa 1890, yaani fikira kwamba ya zamani yamtosha Mwafrika.

Unyevu nao hauna budi kutajwa, kwa kuwa ukungu wa Usambara si mgeni kwa msomaji. Baruti nyeusi ikilowa haifai, kwani shura huyeyuka majini. Lakini shura ya potasiamu hainyonyi sana mvuke wa hewani. Ndugu yake, sodiamu naitreti iliyochimbwa Chile, ni rahisi zaidi kwa bei na hunyonya mvuke kama chumvi ya jikoni wakati wa masika. Ndiyo maana tangu miaka ya 1850 sodiamu ilipewa kazi ya kupasulia miamba, ambako baruti hutumika upesi, na potasiamu ikabaki katika bunduki, ambako baruti huweza kungoja miezi. Baruti isiyo moshi haijali ukungu sana, ila huchakaa kwa joto: molekuli zake hujivunja polepole na kutoa asidi inayoharakisha uharibifu huo huo. Watengenezaji huitia dawa ya kunyonya asidi, na dawa ikiisha baruti haifai kuwekwa ndani ya nyumba.

MAZOEZI

1. Gogo lenye umbo la mchemraba wa upande wa sentimeta 20 limepasuliwa kuwa michemraba ya upande wa sentimeta 2. Je, vipande ni vingapi, na eneo la nyuso limeongezeka mara ngapi?

2. Gobore lenye mtutu wa meta 1 latoa risasi ya gramu 20 kwa meta 300 kwa sekunde. Tafuta kani ya wastani na muda wa safari ndani ya mtutu. Kisha eleza kwa nini baruti ya punje nene yafaa hapa kuliko ya bastola.

3. Shabaha imesogezwa kutoka meta 25 hadi meta 50. Tafuta tofauti ya kuanguka kati ya risasi ya meta 250 na ya meta 230 kwa sekunde, kwa kudhani kwamba hewa haipunguzi mwendo. Kwa nini tofauti imekuwa kubwa mara 4 na si mara 2?

Majibu: (1) vipande 1,000, mara 10. (2) niutoni 900. Karibu sekunde 0.0067. (3) karibu sentimeta 3.6.